Aliyebaki Chini ya Kitunga

Wanangu, juzi mlikuja hapa kwangu Kamembe na simu zenu, mkaniketisha penye mwanga, mkaniambia, "Maman, wewe zungumza tu, kila kitu kinaingia." Nikazungumza. Mlipoondoka ndipo nilipogundua kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza swali la pili. Mliuliza la kwanza, nikajibu, mkatikisa vichwa, mkahamia jambo jingine kabisa. Nilikereka kidogo, nisiwafiche. Kisha nikaona heri niwaandikie, maana kazi mnayoitaka ndiyo iliyonilisha mpaka nikastaafu, na hadi leo inaniwasha.

Nilikuwa mkusanyaji wa masimulizi katika kituo kidogo cha historia hapa Rusizi. Nilikuwa nawafuata wazee makwao, nawarekodi, kisha naketi mezani nikisikiliza na kuandika neno kwa neno, pamoja na vikohozi na vimya. Watu waliniita Maman Kaseti, na jina likabaki hata kaseti zenyewe zilipotoweka. Somo langu kubwa lilikuwa utumwa: wale waliotekwa pande hizi za ziwa na bonde enzi za misafara ya wenye bunduki, na yale ambayo wajukuu zao waliendelea kuyasema, au kuyaficha.

Unyevu wa huku mnaujua. Kaseti zilikuwa zikiota ukungu kama mkate, kwa hiyo nilizoea kuzifukia ndani ya mchele mkavu. Siku moja mume wangu alichota mchele wa chakula cha mchana akaibuka na mahojiano ya mzee mmoja wa Nyakabuye. Aliniuliza kama huyo mzee naye anapikwa kwa nazi au kwa nyanya. Ninyi hamna shida hiyo, lakini msijidanganye, simu nayo huanguka mtoni.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Anselme, mfupi, mkali, mpenzi wa soksi za rangi kali. Siku ya kwanza hakunipa mashine. Alinituma nyumbani kwetu Nyakabuye nikamuulize mama yangu kwa nini ukoo wetu ulihamia pale. Mama akasema ni kwa sababu ya udongo mzuri. Shangazi yangu, aliyekuwa akimenya mihogo pembeni, akacheka mpaka akaweka kisu chini. Akasema babu mkubwa alikimbia na mchumba wa mtu. Nikarudi kwa Mzee Anselme nikitweta kwa furaha, nikamwambia nimepata ukweli.

"Hujapata ukweli," akasema. "Umepata shangazi. Sasa niambie, mama yako anamlinda nani, na shangazi yako anamkomoa nani?"

Nilinuna siku nzima. Lakini baadaye kila mtu aliyefungua mdomo mbele yangu nilimpitisha kwenye swali hilo.

Kosa jingine tulilifanya Bweyeye. Tulitembea kwa miguu mpaka nyayo zikawaka, kumfuata mzee mmoja aliyesemekana kukumbuka njia za misafara kando ya msitu wa Nyungwe. Mwenzangu akamuuliza, "Mzee, msafara ulipita hapa, siyo?" Akasema ndiyo. "Watekwa walifungwa kwa kamba, siyo?" Ndiyo. Mwenzangu anaandika huku anatabasamu. Mimi nikapata shaka, nikamuuliza, "Kwa hiyo msafara haukupita hapa kamwe?" Akasema ndiyo, mwanangu, ni kweli kabisa. Maskini, alituona tumetoka mbali, akatuonea huruma, hakutaka turudi mikono mitupu. Ukimpa msimulizi jibu ndani ya swali, atakurudishia mali yako mwenyewe.

Mzee Anselme alikuwa pia na maandishi, masimulizi ya watumwa waliokombolewa, yaliyoandikwa na mapadre kwa Kifaransa zamani hizo. Alinipa niyasome yote kwa mkupuo mmoja. Niliona haraka kwamba yanafanana miisho: mtoto anatekwa, anateswa, anakombolewa, anabatizwa, anamshukuru Mungu. Nikasema haya si ya kuaminika, aliyeshika kalamu ndiye aliyekuwa akimlisha msimulizi. Akaniambia ni vizuri kuona hilo, ila nisitupe mtoto wa watu kwa sababu ya padre. "Tafuta maneno yasiyomsaidia mtu yeyote," akasema. Msichana mmoja, katikati ya habari ya minyororo, alikuwa ametaja kwamba mpishi wa msafara alikuwa akiimba vibaya. Padre hakuwa na haja ya neno hilo, wala halikumwongezea binti huruma yoyote. Lilikuwa limebaki tu. Maneno ya namna hiyo nilijifunza kuyapenda kuliko machozi.

Haya, sasa niwapeleke Bugarama, maana huko ndiko kulikonifunza zaidi. Majina nitakayotaja nimeyabadili, kama tulivyokubaliana na wenyewe.

Huko kwenye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji kuna familia za Kiislamu ambazo baadhi ya mabibi zao walifika na misafara. Mara ya kwanza nilienda nikiuliza wazi, "Mababu zenu walitoka wapi?" Pakanyamaza mpaka nikasikia maji kwenye mifereji. Nilikuwa nimesahau kwamba pale, ukimuuliza mtu babu yake alitoka wapi, unamuuliza kama shamba analolima ni lake, na kama yeye mwenyewe ni wa hapa au wa ng'ambo ya mto. Walidhani nimetumwa kupima mashamba. Tangu siku hiyo nikawa naanza kwa kueleza mimi ni mtoto wa nani, na yule babu yangu mwizi wa wachumba sikumwacha nje. Wakishacheka, nauliza habari za nyumbani: mnapika nini, mnakataza nini watoto, nani alianzisha hilo.

Ndivyo nilivyompata Bibi Zaituni, mjane mkulima wa mpunga, mzee sana tayari, aliyeishi na mwanawe Ramazani, mfanyakazi wa saruji. Niliketi uani kwake nikaona watoto wanaruka kamba, wanafukuzana, wanapigana. Mmoja alipojificha nyuma ya pipa la maji, Bibi alikemea kwa sauti ambayo sikuitegemea kwenye mwili mwembamba vile.

"Hapa kwangu batoto habachezi kujificha," akaniambia. "Bakimbie, baanguke, bavunje mukono. Mais kujificha, hapana."

"Juu ya nini, Bibi?"

"Bibi yangu alikatazaka. Na miye ninakataza."

Sikumsukuma. Nilirudi tena na tena, nikamsaidia kuanika mpunga, na siku moja akasema mwenyewe. Bibi yake aliitwa Faida, jina alilopewa na waliomchukua. La kwao hakulitaja kamwe. Alitekwa akiwa msichana mdogo katika vilima vya ng'ambo, juu ya bonde. Wazazi walikuwa shambani. Aliposikia bunduki alimfunika mdogo wake wa kiume chini ya kitunga kikubwa cha mtama.

"Akamufunika na kuku," Bibi Zaituni akasema. "Mutoto akitikisika, batasema ni kuku. Akamuambia, usitoke mpaka nikuite. Bale bantu bakaingia, bakamukamata. Balimupiga aseme kama iko muntu mwengine mu nyumba. Hakusema. Hakuita. Bakaenda naye."

Faida alishushwa bondeni na msafara. Aliyekuwa akimmiliki aliugua akabaki Bugarama, naye Faida akazaa pale, akazeeka pale, akafia pale Zaituni akiwa msichana aliyemwogesha.

"Minataka kujua kitu moja tu," Bibi akaniambia. "Ule mutoto alitoka? Nani alimufunulia? Weye unatembeaka kila pahali. Nitafutie, nisife na ile swali."

Ramazani alikuwa amesimama mlangoni. Alinisindikiza hadi barabarani. "Maman, achana na hiyo maneno ya butumwa," akasema. "Kesho batasema tuko batoto ba batumwa. Keshokutwa batasema hatuko ba hapa. Mama yangu atakufa, miye nitabaki na batoto bangu." Hakuwa na ubaya, aliogopa. Nilimwahidi kwamba kanda itafungiwa mpaka familia yenyewe iseme.

Swali la Bibi halikuniacha. Mtoto mmoja, kitunga kimoja, katika vilima vyote vile! Sikujua hata pa kuanzia, na niwaeleze kweli, nilijua uwezekano ni mdogo sana. Lakini udadisi haujui hesabu.

Muda ukapita, nikaendelea na kazi nyingine. Mpakani Rusizi II nilikuwa narekodi nyimbo za wanawake wanaovuka daraja na bidhaa. Mmoja wao, Maman Nsimire wa Bukavu, ng'ambo ya daraja, muuza nyanya, alikuwa na tabia iliyowachekesha wenzake. Ukimwita jina, hata kwa utani, alikuwa anaruka na kuitika "Niko!" kabla hujafunga mdomo. Siku moja mwenzake alimwita, beseni likamponyoka kichwani, nyanya zikatawanyika mpaka miguuni kwa askari. Wenzake wakacheka hadi wakashikana mabega.

"Kwabo ni vile," wakaniambia. "Muite hata iko anakula, ataitika na ugali mu kinywa."

Nikamuuliza kwa nini, nikimsaidia kuokota. "Kwetu muntu haitwi mara mbili," akasema. "Papa atakuchapa. Sijui juu ya nini. Uliza Papa."

Nilikwenda kumuuliza Papa, kwa sababu tu jambo lenyewe lilikuwa la ajabu. Papa Cirimwami alikuwa mzee mpole wa vilimani, aliyekuwa ameshuka Bukavu kukaa na binti yake. Alisema amri hiyo iliwekwa na babu yake, Mugisho. Sababu hakuisema. Akaanza kunieleza babu mwenyewe alivyokuwa: mrefu, mchache wa maneno, na kovu kando ya jicho.

"Kovu ya nini, Papa?"

"Alisemaka ni kuku."

Hapo, wanangu, ndipo swali la pili linapolipa. Nikamuuliza kuku alimfikia vipi jichoni.

"Balikuwaka pamoja chini ya kitunga," akasema.

Nilitamani kumkumbatia yule mzee na kupiga kelele kwamba namjua msichana! Lakini ningetamka neno moja tu, kuanzia pale ushahidi wake ungekuwa wangu, kama yule mzee wa Bweyeye. Nikasema tu, "Kisha?"

Akasema watu wenye bunduki walifika, dada mkubwa akamfunika Mugisho na kuku aliyekuwa akiatamia, kuku akaogopa akamdonoa. "Akiwa mule, akasikia dada yake anamuita," Papa Cirimwami akasema. "Anamuita jina, anamuita, anamuita. Aliogopa. Hakuitika. Bon, sauti ikaenda mbali. Mama yake ndiye alimufunulia, bakati alitoka ku shamba. Dada hakuonekana tena. Mpaka kufa alikuwa anasema, dada yangu aliniita, na miye sikuitika. Ile ndio aibu alikufa nayo."

Nilivuka daraja kurudi nikiwa sioni watu. Kovu la kuku lilikuwa neno lisilomsaidia mtu yeyote. Lakini tazameni tatizo: Bugarama wanasema msichana hakuita. Bukavu wanasema aliita, tena mara nyingi.

Nilikwenda kwa Mzee Anselme, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu kama nilivyo mimi sasa. Alinisikiliza miguu ikiwa juu ya kigoda, soksi za kijani. "Bado hujui kama ni watoto hao hao," akasema. "Kuku ni wengi, vitunga ni vingi, na wasichana waliotekwa, Mungu atusamehe, walikuwa wengi pia." Akanituma nikawatafute wengine wa kila upande, mmoja mmoja, bila kuwachanganya. Dada yake Papa Cirimwami alitaja kuku, na kwamba mtama ulikuwa umetoka kuvunwa. Upande wetu, binamu ya Bibi Zaituni, bibi mmoja mcheshi wa Nyakabuye, naye alitaja kuku na mtama mpya. Alipofika pale msichana anapopigwa, akanyamaza, akafunga upya kitenge chake. Akasema, "Pale muulize Zaituni."

Kimya hicho nilikiandika kama nilivyoandika maneno. Watu wengi wakisoma ushahidi huruka palipo kimya, na mimi nawasihi msiruke.

Lakini kazi ni kazi na mtu ni mtu. Bibi Zaituni alikuwa anadhoofika. Kila nilipopita Bugarama aliniuliza kwa macho kabla ya mdomo. Ningeweza kumwambia siku ile ile: alitoka, aliishi, alikuwa mrefu, alizaa. Ila nusu hiyo isingekuja bila nusu ya pili, kwamba upande wa pili wanasema bibi yake alimwita mdogo wake atoke kwa wenye bunduki. Kumpa nusu tamu na kumficha chungu sikuweza, maana alikuwa ameniomba nimtafutie, hakuniomba nimchagulie. Na kumpa chungu nako niliogopa, niliogopa sana, kwamba nitamzika na aibu mpya.

Mwishowe niliwaambia pande zote mbili maneno yale yale: kuna familia ng'ambo yenye habari inayofanana na yenu, lakini haikubaliani kila mahali, mnataka kukutana? Papa Cirimwami aliuliza tu ni siku gani. Ramazani akasema kama mama yake anataka, basi, ila mlango utafungwa.

Papa Cirimwami alivuka daraja amevaa koti la misa, tukapanda minibasi hadi Bugarama. Bibi alikuwa ameketishwa kwenye mkeka, mto mgongoni. Niliweka sharti moja: kila mmoja aseme yake yote, na mwingine asimkate. Mtauliza baadaye, kama Mzee Anselme alivyoniuliza, nitajuaje kwamba mtu hakubadili neno ili kumfurahisha mgeni. Ulizeni. Mimi mwenyewe nimeuliza mara nyingi, na kila nikiuliza nakumbuka kimya cha yule binamu wa Nyakabuye, ambaye hakuwa na mgeni wa ng'ambo wa kumfurahisha. Nitawapa lililosemwa, nanyi mlipime.

Bibi akataka mgeni aanze. Papa Cirimwami akasema yote, kwa sauti ndogo, akitazama mikono yake. Bibi aliposikia "mama yake akamufunulia" alifumba macho, midomo ikawa inasema kitu bila sauti. Kisha mzee akafika pale dada alipoita.

Ramazani alisimama. "Hapana! Bibi yetu hakuita! Balimupiga, hakuita! Mama, muambie."

"Ramazani, ikala," Bibi akasema.

Akaketi. Bibi alikaa kimya kirefu, nami nilijizuia kwa nguvu zangu zote nisikijaze.

"Aliita," akasema. "Balimupiga mpaka akaita. Aliniambia miye peke yangu, nikimuogesha, bakati alikuwa karibu kufa. Miye ndio nilitoa ile neno mu habari, na binamu yangu nikamukataza asiseme. Sikutaka muntu amuseme bibi yangu mubaya."

Ramazani alifunika uso. Papa Cirimwami, mzee wa umri ule, alianza kulia waziwazi. Hakumlilia msichana, alimlilia babu yake.

"Donc ni kweli, Maman," akasema. "Aliita kabisa, na Mugisho hakuitika. Alikuwa na haki ya kusikia ile aibu."

Bibi Zaituni alinyoosha mkono mpaka akaupata wa yule mzee.

"Weye, sikiliza muzuri," akasema. "Kila asubui, mbele ya kuswali, bibi yangu alikuwa anasema kitu moja. Alikuwa anasema: Asante Mungu, hakuitika."

Papa Cirimwami akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena, na Bibi akarudia tena, polepole, mkono wake ukiwa bado juu ya wa mgeni, mpaka yule mzee akatosheka.